Uyoga wa Chumbani

Siku mume wangu aliposikia kwamba tumeorodheshwa kama kaya yenye mazingira magumu, alivaa shati la kanisani, akachukua fimbo yake, akachechemea hadi ofisi ya kijiji kulalamika. Magumu gani? Ana mke, ana watoto wanne, ana nyumba ya bati hapa Heru Juu. Mtendaji akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Kwa hiyo tuwaondoe?" Mume wangu akasema hakusema hivyo. Alirudi akanikuta napukuchua mahindi, akanitangazia kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi kwamba nitakwenda Kibondo kwenye mafunzo ya kaya hizo.

Ukweli ni kwamba tangu aanguke na bodaboda, mguu ukaunga vibaya, mambo yalikuwa magumu kweli. Shamba nililima peke yangu na midomo ya kulisha haikupungua. Ila mume wangu ni mtu wa kukubali njaa mradi isitajwe mbele ya ofisa.

Kibondo tulikwenda wanawake watano wa kikundi kimoja. Kila mmoja alichagua kitu cha kujifunza. Jirani yangu, mjane mwenye mikono ya kukanda, alichagua mikate. Mimi nilichagua uyoga, na sababu yangu ilikuwa uvivu mtupu: mtaalamu alisema uyoga hauhitaji jembe. Mkopo wa kuanzia biashara ulikuwa wa zamu. Wa kwanza akichukua na kuanza kurejesha, ndipo wa pili anapewa, na hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Wa kwanza akikwama, wote wamekwama. Tulipiga kura, nikawa wa kwanza, na jirani yangu akawa wa pili. Tuliporudi nyumbani alianza siku hiyo hiyo kujenga tanuri la udongo nyuma ya nyumba yake, nikaanza kukosa usingizi.

Mtaalamu alikuwa binti wa Kilimanjaro mwenye mabuti mekundu ya mvua, asiyeruhusu mtu kucheka darasani. Alitufundisha kuloweka maganda ya maharage, kuyapika kwa mvuke ndani ya pipa, kuyapoza, kuyachanganya na mbegu na kuyashindilia kwenye mifuko ya nailoni. Baada ya hapo, alisema, mifuko itundikwe kwenye chumba chenye giza, unyevu na usafi.

Nyumba yetu ina sebule wanakolala watoto, na chumba chetu. Jiko liko nje. Sebule ina mwanga na ina watoto, kwa hiyo usafi hapo hauzungumziki. Nilimweleza mume wangu taratibu, nikimwongezea mboga. Aliacha kutafuna.

"Unanitoa chumbani kwangu kwa ajili ya uyoga?"

"Nakuhamisha tu."

"Na uyoga utalipa kodi?"

"Zaidi yako," nikamjibu, na kitanda kikahamia sebuleni jioni hiyo. Watoto walifurahi kama wamepata wageni. Mume wangu alilala ameukabili ukuta, na kila aliyepita asubuhi kutuamkia alimkuta kitandani akivuta blanketi hadi kidevuni na kuitikia salamu kwa heshima zote.

Aliyekasirika hasa ni mama mkwe. Nyumba yake iko hatua chache kutoka yetu, na ulimi wake unafika kabla yake. Kwetu mama mzazi haingii chumba cha mwanawe mwenye mke. Ni aibu kubwa, kwake na kwetu. Basi alikuwa akisimama sebuleni, anatazama pazia la mlango wa chumba lililofungwa, anauliza, "Humo ndani mnafuga nini?" Nikimjibu ni uyoga, anageuka na kuondoka bila kuaga. Kisha akaanza kuwaita wajukuu wakale kwake, asubuhi na jioni, na akawakataza kugusa chochote kitokacho nyuma ya pazia lile. Nilichukia. Nilimwambia mume wangu kwamba mama yake ananiona mchawi.

Ndipo aliponieleza, tukiwa tumekaa nje tunaosha pipa. Alikuwa na dada mkubwa. Mvua zilipoanza mwaka mmoja, mama yao alikwenda porini, akarudi na kapu la uyoga, akaupika, akampakulia binti yake kwanza. Yeye angekula utakaobaki. Mume wangu alikuwa bado ananyonya. Yule msichana alikula akashiba, na kabla mama hajakaa chini kula, akaanza kutapika. Hakuiona asubuhi.

Tangu hapo mama mkwe hajautia uyoga kinywani, na Heru Juu nzima ya watu wa umri wake inajua. Mimi niliolewa kutoka Titye, hakuna aliyeniambia. Hasira yote iliniishia, nikabaki na mkopo.

Uyoga uliota. Ulitoka kwenye mifuko mweupe, mnene, umepandana, mpaka nikamwita mume wangu aje aone, naye akasema kwa shingo upande kwamba chumba kimependeza. Tatizo ni kwamba ilikuwa Julai. Kwetu uyoga huja na mvua, na Julai mvua iko mbali. Siku ya gulio nilitandaza beseni langu, na watu wakalizunguka, wakarudi nyuma.

"Uyoga mwezi wa saba?" akauliza mzee anayeuza tumbaku. "Huu umetoka wapi?"

"Chumbani kwangu."

Nilipaswa kusema shambani. Vicheko havikuisha upesi, lakini hakuna aliyenunua. Nikaona njia ni moja: nikaukaanga palepale kwa mawese na vitunguu, nikala sahani nzima mbele yao. Yule mzee akasema vizuri, sasa tusubiri. Wakasubiri kweli. Watu waliacha biashara zao kuja kunitazama nisivyokufa.

Na ningefaulu, kama si kuamka alfajiri wiki nzima kunyunyizia mifuko maji. Jua lilikuwa zuri, tumbo limejaa. Nikasinzia.

Nilishtushwa na yowe. Mtu alinimwagia ndoo ya maji, mwingine akanibana pua, wa tatu akaninywesha maziwa mabichi kwa nguvu mpaka yakatokea puani. Nilipopata nafasi ya kusema nilikuwa nalala tu, beseni langu lilikuwa limeshamwagwa mtaroni na mtu mwenye huruma. Habari za kufa kwangu zilifika nyumbani kabla yangu. Mume wangu nilimkuta njiani bila fimbo, anachechemea mbio, analia. Alipoona natembea alinigombeza vibaya sana. Nilimpenda siku hiyo kuliko siku ya harusi.

Lakini rejesho la kwanza lilikuwa siku moja baada ya gulio lililofuata, na sikuwa na kitu. Jirani yangu alikuja, akakaa, hakusema neno juu ya tanuri lake. Alinisuka nywele zilizolowa maziwa, akaenda zake. Heri angenitukana.

Asubuhi iliyofuata mama mkwe aliingia sebuleni, kanga amejifunga kiunoni, na kumkuta mwanawe chini ya blanketi kama kawaida.

"Kitanda chenu ni hiki?"

"Ndiyo, mama."

"Basi chumba chenu ni hiki, na nimekuwa nikiingia kila siku bila aibu. Kule ni shamba." Akafunua pazia, akapita.

Nilimfuata. Alipita mfuko kwa mfuko, anabonyeza, ananusa vidole. Akauliza mbegu ilitoka wapi. Akauliza nani aliifungua chupa ya mbegu, nani alishindilia, na kama kuna wa aina nyingine unaoweza kujichanganya humo bila mtu kuona. Nilimjibu mbegu ni ya aina moja na kila mfuko nimeufunga kwa mkono wangu. Aliuliza tena swali la mwisho, nikamjibu tena. Nikamwacha, akakaa humo peke yake muda mrefu.

Gulio lililofuata alikuja nami. Alibeba kigoda chake na sahani yake. Nilipoanza kukaanga watu walijaa, wengine wakinishauri nisilale. Nikachota kijiko ili nianze kuonja mimi, kama mara ya kwanza. Mama mkwe alinishika mkono.

"Kaa chini."

Akachota mwenyewe. Waliocheka ni vijana, na wakanyamaza walipoona wakubwa hawacheki. Mzee wa tumbaku alivua kofia. Mama alitafuna polepole, akameza, akachota tena, mpaka sahani ikaisha. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, wala sikusingizia moshi. Hakuna aliyesema tusubiri. Mzee aliinuka, akaomba fungu moja, na nyuma yake wakaja wengine, na jirani yangu akajitia kunipangia foleni, anawasukuma watu kwa viwiko kama askari.

Beseni lilipoisha tulibaki wawili tunaosha vyombo. Nilikuwa na furaha, na nilikuwa na hofu iliyochelewa. Nikamuuliza kwa nini hakuniacha nianze, wakati uyoga wenyewe nilishaula wiki iliyopita na haukunidhuru, na kila mtu alijua.

"Siku ile nilimpakulia mtoto kwanza," akasema, hakuinua macho kutoka kwenye sahani. "Kumbe mama ndiye anayepaswa kuanza."