Shimo la Ndizi na Sheria ya Amerika

Juzi mjini Kisii, nyuma ya maduka ambako wanawake huteremsha ndizi kutoka kwenye malori, mtu alifunua turubai na harufu ikanipiga usoni: utamu mzito wa ndizi zinazoanza kuiva, majani makavu, na moshi uliolala muda mrefu mahali pasipo na hewa. Nilisimama palepale. Mwendeshaji wa boda boda alinipigia honi, akaniuliza kama kwetu wamenichoka mpaka wamenituma nije kufia barabarani. Nilikuwa na umri wa miaka tisa tena, nimesimama kando ya shimo nyuma ya jiko la bibi yangu, nikimwogopa bibi huyo kuliko nilivyowahi kumwogopa mtu yeyote.

Kwetu ni upande wa Magwagwa, Nyamira, ambako chai imepandwa hadi ukingoni mwa choo. Boma letu lilikuwa na nyumba mbili na dini mbili. Tata, yaani baba yangu, alipelekwa kusoma shule ya Wasabato akatoka huko Msabato, na sisi wote tukamfuata. Mama yake, ambaye tulimwita Magokoro kama bibi wote wa kwetu wanavyoitwa, alibaki Mkatoliki. Ijumaa jua likielekea kuzama, kwetu kila kitu kilikuwa kimeshapikwa, kimefuliwa na kupigwa pasi. Kwake ndiyo kwanza moto unawashwa. Jumamosi tulipokwenda kanisani yeye alituchungia ng'ombe. Na Jumapili mimi nililipa fadhila hiyo kwa niaba ya nyumba nzima: nilimbebea viatu.

Wanaoijua njia ya kwetu wakati wa mvua wataelewa. Magokoro aliteremka na gambuti, buti zake za mpira, nami nyuma yake nimebeba viatu vyake vyeusi vya ngozi katika mfuko wa unga. Kwenye kijito kilicho chini ya kanisa lake alikaa juu ya jiwe, nikamvua gambuti, nikamwosha miguu kwa maji yaliyoniuma vidole kwa baridi, nikaipangusa, nikamvisha viatu. Kisha alipanda kwenda misa akiwa safi kama bibi harusi, mimi nikarudi nyumbani gambuti zikinigonga mapajani, na misa ikiisha nikamrudishia. "Miguu yangu huenda misa kwa mikono ya Msabato," alikuwa akiwaambia wenzake, na wote wakacheka. Mimi aliniita mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

Agosti ya mwaka huo makambi yetu yalipata mgeni. Makambi ndiyo sikukuu ya Wasabato: wiki nzima ya mahema, nyimbo, uji wa wimbi na harufu ya nyasi zilizokanyagwa. Mgeni alikuwa mhubiri kutoka Amerika, mzee mrefu mwenye masikio yaliyochunika kwa jua letu. Hakupiga kelele kama wahubiri wetu. Alisema polepole, akimngoja mkalimani, na labda ndiyo maana kila neno lilikaa mahali pake.

Alisema kwao watu humchagua rais wakiwa wamepiga magoti. Ukijua mtu huketi benchi la kanisa gani, alisema, mara nyingi huna haja ya kumuuliza kura yake. Wapo wanaoamini kwamba taifa lile ni la Mungu, na sheria zake ziandikwe na wacha Mungu. Wapo wengine wanaomcha Mungu yuleyule, lakini wanaamini kwamba serikali ikiingia madhabahuni, Mungu hutoka kwa mlango wa nyuma. Yeye alikuwa wa hawa wa pili. Ndugu yake, wa kanisa la Jumapili, alikuwa wa wale wa kwanza. Wamelelewa na mama mmoja, wamefundishwa sala moja ya kulalia, na huo ulikuwa mwaka wa nne hawajaketi meza moja. Akaendelea kusema kwamba siku moja wale watampata rais waliyemwombea, naye atatia saini sheria ya kulinda Jumapili, na wanaoshika Jumamosi watatafutwa nyumba kwa nyumba. Kura zao zilikuwa Novemba.

"Ndugu yangu ni mtu mwema," alisema, na mkalimani akatafsiri kwa sauti ya chini. "Na ndiye ninayemwogopa."

Mama yangu aliishika shanga ya kitambaa chake cha kichwani, akaiviringisha mpaka uzi ukakatika.

Mchana ule mwalimu wetu wa watoto, kijana mwenye bidii aliyeitwa Ombati, alitukusanya hemani na chati aliyoichora mwenyewe. Mnyama wake, yule wa kitabu cha Ufunuo, alikuwa na pembe ndogo za mwana-kondoo na meno ya fisi. Ombati alitueleza kwamba sheria ile itatoka Amerika na kufika mpaka Magwagwa, na kwamba watakaotusaliti hawatatoka mbali. Akauliza ni nani ana jamaa asiye Msabato nyumbani. Niliinua mkono. Hata nilifurahi, maana wachache tu ndio waliokuwa na jambo la kusema.

"Mwombeeni," alisema. "Na mjifunze kunyamaza mbele yake."

Sidhani alikuwa mtu mbaya. Nadhani alituogopea. Lakini jioni hiyo nilirudi nyumbani nikamkuta Magokoro mlangoni kwake akichambua mboga ya saga, rozari imemlalia kifuani, akaniita nikale. Nikaitazama mikono yake kwa mara ya kwanza kama mikono ya mtu mwingine.

Hofu ya mtoto haihitaji kulishwa sana. Magokoro alikuwa na redio ya betri, na alipenda habari za mbali kama wengine wanavyopenda ugoro. Septemba yote, Oktoba yote, nilimsikia akimuuliza Tata kupitia ua: hawa Waamerika wanapiga kura lini hasa? Nani anaelekea kushinda? Nikajua anangoja amri. Nikaona jinsi chifu, naye Mkatoliki, alivyosimama kumwamkia kwa heshima njiani, nikajua wamepanga. Kwake nilikuwa nimezoea kula ugali wa wimbi mpaka tumbo ling'ae. Sasa nilisema naumwa tumbo. Alinichemshia majani machungu ambayo mpaka leo nikiyakumbuka ulimi hujikunja, akanisimamia nikayameza yote. Nililia nikidhani ni sumu. Kesho yake nilipoamka mzima nilifikiri, ameikosea dozi.

Na Jumapili ikafika. Niliposikia gambuti zake zikifyonza tope kuja upande wetu, nilikimbilia chooni nikajifungia.

"Mama," aliita. "Mama, viatu."

Nikanyamaza, kama nilivyofundishwa. Kupitia ufa wa mlango nilimwona akisimama uani na mfuko wa unga mkononi, akitazama kulia na kushoto. Kisha akaukumbatia mfuko wake akateremka peke yake. Jumapili ya pili aliita mara moja. Ya tatu hakuita. Alipita tu, na mimi humo chooni, pua imejaa majivu na nzi, niliona mgongo wake ukiwa mdogo kuliko nilivyoujua, na sikuelewa kwa nini kushinda kuliuma hivyo.

Siku matokeo yalipotangazwa, mwalimu wa darasa aliingia na furaha ya mtu mwenye habari kubwa, akasema Amerika imepata rais. Sikungoja kusikia ni nani. Kwangu mimi yeyote angetosha. Kipindi cha mapumziko nilitoka kupitia tundu la ua wa shule, nikakimbia kushuka mteremko mpaka kwenye chai yetu, nikajiingiza chini ya michai kwa tumbo. Nilikuwa na mpango: nikae humo mpaka giza, kisha niende milimani, kama Ombati alivyosema watakatifu watafanya. Chakula changu kilikuwa nusu chapati na kipande cha muwa.

Mpango ule haukuwa na mvua ya mawe ndani yake. Saa tisa mbingu ikafunguka. Mawe yalishuka yakikata majani ya chai, yakanipiga shingo, mgongo, nyayo, na harufu ya majani mabichi yaliyopondwa ikajaa puani, na mpaka leo siwezi kunywa chai bila kukunja mabega. Nililia kwa sauti. Ndipo nikaona gambuti.

Alikuwa amejifunika ungo kichwani, na mawe yanarukaruka juu yake kama mahindi kwenye kikaango. Alininyanyua kwa mkono mmoja, akanisukuma chini ya ungo ule, tukaenda hivyo mpaka jikoni kwake, mimi nikimwogopa yeye kuliko mawe.

Alinivua nguo, akanifunga shuka lake, akanikalisha karibu na moto. Sikujua amejuaje nilipo.

"Umetumwa?" nilimuuliza.

"Na nani?"

"Na Waamerika."

Hakucheka. Mpaka leo namshukuru kwa hilo. Alivuta kigoda, akakaa mbele yangu, na mimi nikamwaga yote: mgeni na ndugu yake, saini, chati ya Ombati, chifu, majani machungu. Nilipofika mwisho nilimuuliza lile ambalo lilinila kwa miezi mitatu.

"Magokoro, sheria ikifika, utatusaliti?"

Mawe yalikuwa yameacha kuanguka, mvua ya kawaida inamalizia. Alitazama moto. Nilingoja aniambie kwamba hakuna sheria, kwamba ni maneno ya watu. Hakusema hivyo.

"Sheria hutoka mbali," alisema. "Nimeziona zikifika. Njoo."

Alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya jiko, kwenye shimo lake la kuivishia ndizi. Alikwangua udongo, akaondoa mbao, akafunua majani makavu, na ile harufu ikapanda. Akatoa ndizi kichane kwa kichane, akazipanga kwenye nyasi bila haraka, mpaka shimo likawa tupu na jeusi.

"Ingia."

Wenzangu, niliamini ananizika. Niliingia kwa sababu, hata katika hofu ile, sikuwahi kujifunza kumkatalia usoni. Chini palikuwa na joto kama ubavu wa ng'ombe. Akanifunika kwa majani, akarudisha mbao. Giza. Nikasikia kigoda kikiwekwa juu ya mbao, na uzito wake ukikaa.

"Ni hapa," sauti yake ilisema kutoka juu. "Nitakuweka hapa, mama. Nitakalia kigoda changu na rozari yangu. Wakija watamkuta Mkatoliki anasali. Ni nani kati yao atamwinua Mkatoliki kwenye rozari yake?"

Moyo ulikuwa ukipiga kwenye udongo.

"Na Tata?" niliuliza.

Alifikiri.

"Tata yako ni mrefu," alisema. "Itabidi nichimbe."

Jioni ile alikwenda mpaka mlangoni petu, lakini hakuingia. Hakumsimulia Tata habari za shimo. Alimwambia jambo moja tu: "Mgeni wenu alisafiri mbali sana kuja kumfundisha mtoto kuniogopa." Tata, mzee wa kanisa, alitazama viganja vyake. Jumapili iliyofuata nilikuwa uani kabla ya gambuti kusikika. Kwenye kijito nilimwosha miguu mara mbili. Aliniambia nikizidi hapo nitamtoa ngozi, naye anaihitaji kwa misa ya Krismasi.

Miaka mingi baadaye, uandishi ulinipeleka Amerika kwa wiki chache, na ikatukia ni majira yao ya kura. Mwenyeji wangu, mama mmoja mpole, alinionyesha nyumba ya dada yake ng'ambo ya barabara. Walikuwa hawatembeleani tena. Alisema dada yake humwombea yeye asubuhi, kisha huenda kupiga kura dhidi ya kila anachokiombea mwenyeji wangu, na wote wawili husema Mungu ndiye aliyewaambia. Alisema hivyo akiwa amesimama dirishani, mkono umeshika pazia. Ndipo nilipomkumbuka yule mzee wa masikio mekundu. Tulidhani alituletea unabii. Mtu yule alikuwa anamlilia ndugu yake. Alituvushia bahari hofu ya meza ya kwao, nasi, wakarimu kama tulivyo, tukaitandikia meza kwetu.

Magokoro alifariki mwaka jana. Alizikwa na padri, na kwaya yetu ya Wasabato ikaimba. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimejiambia kwamba siku ile alinibembeleza tu, kama wakubwa wanavyowaambia watoto kwamba radi ni mapipa yanayobingirishwa.

Wiki moja baada ya mazishi tulikuwa tukisafisha nyuma ya jiko lake. Migomba yake ilikuwa imekufa kwa mnyauko zamani, na hakuwa ameivisha ndizi hapo kwa miaka kumi au zaidi. Lakini majani juu ya mbao yalikuwa ya msimu uleule. Tulipofunua, Tata aliuliza mama yake alitaka shimo kubwa hivyo la nini. Lilikuwa limechongwa ngazi tatu za udongo. Kuta zilikuwa zimesawazishwa kwa jembe dogo, kazi ya mikono isiyo na nguvu, kidogo kidogo. Chini palikuwa pamefagiwa.

Nikamweleza. Nilimweleza yote, hata choo, hata ile dozi.

Tata alivua koti lake la kanisani, akanipa nilishike. Akashuka ngazi moja, ya pili, ya tatu, akaketi chini kwenye udongo, akanyoosha miguu yake mirefu.

Ilienea yote, bila kukunjwa.