Hina Iliyokataa Kuchuja

Mguu wa marehemu mamangu ulitangulia kuzikwa. Ulikatwa kwa ajili ya sukari, ukaviringishwa kwenye kitambaa cheupe, na kakangu akaupakata mapajani mpaka makaburini, huku mama mwenyewe yuko wodini anauliza kama umeshafika. Kwa hivyo siku nami nilipoambiwa nina sukari, sikuuliza habari ya figo wala macho. Niliuliza habari ya miguu.

Muuguzi wa kliniki alikuwa mwanamke wa bara, mpole, hana haraka na mtu. Akanambia, "Mama, miguu yako imeanza kufa ganzi. Unaweza kukanyaga msumari na usijue. Kila asubuhi weka kioo sakafuni, uangalie nyayo na vidole. Na usikae karibu na moto." Nilimwambia inshallah. Nyumbani Mishomoroni kila jirani alikuwa na dawa yake: huyu maji ya bamia, yule mwarobaini, mwengine ati sukari yawapenda watu wenye hasira. Basi mimi ndiyo itanipenda mpaka kaburini, nikamjibu. Sikumsikiliza mtu. Kila nikimaliza sala ya alfajiri nilikaa kitako na kioo changu, natafuta doa.

Kisha bintiangu akaolewa. Mama wa bibi harusi haonekani na miguu mitupu, kwa hivyo mpakaji hina alipomaliza na binti akanigeukia mimi. Alinikoleza vidole vyote mpaka vikawa vyeusi tititi. Muuguzi hakunikataza hina. Yeye hakujua kuniuliza, nami sikujua kumwambia.

Siku ya harusi, nimeshaoga na kuvaa, nikaletewa chetezo cha udi. Kwetu mwanamke hatoki hivihivi. Wasimama juu ya chetezo, makaa yako chini yawaka, waachia dera lako likufunike mpaka chini ili moshi ukuingie mwilini na nguoni. Nikasimama hapo, macho nimeyafumba, naona raha. Shangazi yake bibi harusi akaja mbio kutoka uani.

"Nani aunguza nywele humu?"

"Nywele za nani?" nikamjibu. "Ni udi huo. Siku hizi wauziwa vijiti vya takataka, waambiwa udi. Wallahi yule muuzaji kesho atanitambua!"

Tukacheka wote, na mimi nikacheka kuwashinda.

Asubuhi zilizofuata niliangalia kioo kama kawaida. Macho yangu nayo yana ukungu kidogo, nikaona weusi mtupu, nikasema mashallah, hina imekolea. Nilifurahi, mjinga mie.

Hina ikaanza kuchuja. Vidole vikageuka vyekundu, kisha rangi ya machungwa, kisha vikawa vidole vyangu vya siku zote. Isipokuwa kile kidogo cha mguu wa kulia. Kilibaki cheusi vilevile. Nikakisugua kwa sabuni. Nikakisugua kwa ndimu na chumvi, na hiyo ndimu haikuniwasha hata chembe. Nikainama kukinusa, nikajua. Harufu ile niliwahi kuisikia, kwenye kitanda cha mama.

Nilimpigia simu kakangu, na alipokuja nikamwambia maneno mawili tu, "Mguu wangu." Alinibeba mgongoni mpaka garini, mtu mzima mimi, na njia nzima nikawa nasoma dua nikikosea, narudia, nakosea tena.

Daktari alikibonyeza kidole kwa kalamu. "Wasikia?"

"Sisikii."

"Uliungua lini?"

"Mimi sijaungua."

Nilipotamka hivyo nikaisikia sauti ya yule shangazi, nani aunguza nywele humu, na kicheko chetu sote, na mguu wangu uliokuwa umeegemea udongo wa moto wa kile chetezo. Nilikuwa nikijinusa mwenyewe naungua, na nikamtukana muuza udi.

Walikikata siku ileile. Daktari akasema wamekata mpaka penye nyama nzima, sasa tungoje tuone kama itabaki nzima. Ikianza kuwa nyeusi, atapanda juu. Alionyesha kwa mkono wake hapo juu ni wapi. Ni chini ya goti, palepale walipoanzia kwa mama. Niliogopa hata kuvuta shuka, nisije nikaona.

Kakangu akaomba kidole kwa wauguzi, akakifunga kwenye kitambaa cheupe, akatoka nacho mfukoni mwa kanzu. Alirudi alasiri, kucha zina mchanga. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akanipapasa mkono kama tulipokuwa wadogo. Ni mtu wa mzaha kakangu, na mzaha wake humtoka zaidi akiwa na hofu.

"Nimekuzikia palepale, ubavuni mwa mguu wa mama," akanambia. "Usiwe na wasiwasi. Nafasi ingalipo."

Alitaka nicheke. Nilimtazama, naye akanitazama, na machozi yakamtoka yeye kwanza.

"Nipe kioo," nikamwambia.