Maua ya Mchicha Njiani kwa Bibi

Juzi nilikuwa sokoni Pasua natafuta unga wa uji. Mama mwenye duka akanishauri nichukue wa mchicha nafaka, maana siku hizi ndio unaoulizwa sana. Nikauchukua, bila kumwambia kwamba mchicha huo mimi niliujua kwanza kama maua.

Kule kijijini Uru, bibi aliyenilea aliupanda pande zote mbili za njia iliyotoka barabarani, ikapita kwenye migomba na mibuni hadi mlangoni. Haukuwa ule wa mboga. Ulinipita urefu, majani yake rangi ya damu ya mzee, vichwa vyake vizito vikining'inia. Kuumwagilia maji ya mfereji ilikuwa kazi yangu, nami niliifanya kwa moyo, kwa sababu mwaka huo nilikuwa napata kipaimara. Bibi aliniahidi kwamba nikitoka kanisani na gauni langu jeupe nitapita katikati ya maua hayo, wageni wakiniangalia.

Mdogo wangu alikuwa na mwaka na nusu, hajasimama bado. Mama, aliyefanya kazi mjini, alikuwa amemwachisha ziwa mapema, na tangu hapo hata mtori laini wa ndizi aliutema. Muuguzi wa zahanati alipompima alikuta uzito uko chini, akamwambia bibi kwamba mbegu za yale maua ni chakula, ampikie uji. Ilibaki wiki moja kufika kipaimara.

Kesho yake nilitoka shule nikakuta njia ni mabua matupu. Vichwa vyote vilikuwa vimeanikwa juani. Vilipokauka, bibi alivipukuchua kwa viganja, akapepeta, akazikaanga zile mbegu ndogo kwenye chungu kikavu. Zilirukaruka kama bisi, nyumba nzima ikanukia. Siku zote hizo sikumwamkia, na mtoto nilikataa kumbeba.

Siku moja asubuhi nikakuta jani la isale kitandani kwangu, limefungwa fundo. Kwetu Uchagani anayekuletea isale anakuomba msamaha, na huwezi kukataa. Sikuwahi kusikia mkubwa akimpa mtoto. Bibi alikuwa amesimama mlangoni.

"Maua nimekata mimi," akasema. "Nikasirikie mimi. Mtoto mbebe."

Nikamwamkia, nikaenda kumbeba.

Siku ya kipaimara nilipita kwenye mabua. Mdogo wangu akauzoea ule uji kidogo kidogo, na kufikia Pasaka alikuwa anatembea.

Bibi alifariki nikiwa shule ya bweni. Kihamba, shamba letu la ukoo, kiligawanywa, na njia ikamwagwa zege ili gari lifike mlangoni. Mbegu hakuna aliyezitunza. Mdogo wangu sasa ana watoto wawili. Niliwahi kumsimulia habari hii. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akataka kujua maua yenyewe yalikuwaje. Nikazunguka kwa majirani kutafuta hata shina moja la kumwonyesha. Sikupata.