Perege wa Kale Niliyemwokota Kivukoni

Nakusanya samaki waliogeuka mawe, lakini ujinga wangu bado mbichi.

Juzi niliokota Kivukoni jiwe bapa lenye alama ya perege, nikalipeleka kwenye kikao cha wazazi shuleni ninakofundisha. Nikawahutubia kama profesa: samaki huyu alikufa kabla ya binadamu, na mistari hii pembeni ni mawimbi ya ziwa la kale.

Mama mmoja mkaanga samaki akasimama. “Mwalimu, hiyo ni sakafu ya banda langu tuliyoivunja. Saruji ilikuwa bado mbichi, perege akanidondoka, nikamkanyagia pembeni.”

“Shikamoo mama,” nikamjibu kwa dharau, “lakini elimu inataka ushahidi.”

Akavua ndara, akaiweka juu ya mawimbi yangu. Ikakaa sawasawa, mpaka kisigino kilicholika.