Kimo Nilichonakili Rebero

Tii. Tii. Tii. Bado naisikia sauti ya kile chombo juu ya kilima cha Rebero, siku yangu ya kwanza kazini. Shefu, mkuu wa kikosi chetu, alisema kila kikilia hivyo kimepokea habari za satelaiti na kuandika mahali kiliposimama. Mimi nilidhani nyota zinatuitikia. Vijana mnaoanza upimaji, najua mtacheka: mstaafu gani huyu asiyefika miaka thelathini? Lakini goti langu limeshindwa na vilima, nimeacha.

Shule yangu iliishia sekondari ya chini. Shefu ndiye aliyenifundisha dunia, akikalia sanduku la vifaa.

"Mtoto wangu, dunia iko duara?"

"Ndiyo, Shefu."

"Hapana! Iko kama mpira mtu amekalia. Satelaiti inahesabu kimo kutoka mpira huo. Lakini maji hayaujui. Maji yanafuata mvuto, na mvuto hauko sawa: huku mwamba mzito, kule mwepesi."

Umbo hilo la mvuto, lenye miinuko na mabonde ambayo jicho haliyaoni, linaitwa jioidi. Mhandisi wetu wa ofisi ya Kiyovu alikuwa na kielelezo chake kwenye kompyuta; ndicho kinachogeuza kimo cha satelaiti kiwe kimo ambacho maji yanakitii. Kazi yangu ilikuwa ndogo: kupima kwa futi kamba, kutoka msumari ulio kwenye zege hadi antena ya chombo iliyo juu ya miguu mitatu, na kuandika daftarini namba ambayo vimo vyote vingine vinaitegemea.

Kisha tukapewa mfereji wa mvua wa Gikondo. Chombo kikuu kikibaki Rebero, sisi tuliweka vigingi vya kuwaonyesha mafundi wachimbe hadi wapi. Nusu ya juu siku ya kwanza, nusu ya chini siku ya pili. Mama Keza, mkazi wa pale, alisimama getini kwake, mahali nusu hizo zinapokutana.

"Binti, godoro langu lilishaelea mara moja. Sasa niamini?"

"Amini, Mama. Tumepima na satelaiti!"

Jioni ya siku ya pili, nikifungua antena Rebero, nilisimama kwa vidole kuifikia. Jana sikusimama kwa vidole. Asubuhi Shefu alikuwa amerefusha miguu ya antena sababu ya nyasi, na mimi, kwa haraka ya mawingu, nilikuwa nimenakili namba ya jana. Nikaifunga antena sandukuni bila kumwambia Shefu, niliogopa kufukuzwa.

Asubuhi nikakuta mafundi wameshashika sururu.

"Shefu... kimo cha antena sikupima."

"Uliandika nini basi?"

"Cha jana."

"Mungu wangu! Ulipima au uliota?" Akageuka. "Nyinyi, wekeni sururu chini! Wewe, twende Rebero. Utapima mbele yangu, mara mbili."

Namba yangu ilikuwa fupi, hesabu ikashusha kila kimo, kwa hiyo vigingi vya nusu ya chini tulivipigilia juu mno kwa shibiri nzima. Maji yangerudi nyuma, yakaingia kwa Mama Keza. Shefu hakunifukuza. Alinipa nyundo, nikaving'oa na kuvipigilia upya vyote, huku Mama Keza ananiangalia kutoka getini.

Nimefanya kazi miaka mingine baada ya hapo, na hofu haikuniacha. Ni hofu nzuri, nadhani, lakini inachosha. Mvua ikianza, moyo wangu unakimbilia Gikondo.

Siku niliporudisha vifaa na kuacha kazi ilinyesha sana. Sikumwambia mtu. Nilishuka Gikondo hadi kando ya mfereji, nikatupa jani majini, nikalifuata nikichechemea mpaka likapita geti la Mama Keza na kuendelea kushuka.