Maua ya Lamboni

Mjukuu wangu kaniletea ua la zambarau kutoka bwawani, linanuka matope. Nimemfokea akalitupe nje.

Nilikuwa na umri wake nilipochomoa mche wa gugumaji lenye ua kama hilo kwenye kidimbwi cha mzungu ambaye baba alimtunzia bustani. Kwenye maandamano ya Ekaristi sisi wasichana tulimwaga maua njiani mbele ya padri, na mwaka ule kapu langu lilikuwa tupu. Kiangazi cha Tabora, maua ningeyatoa wapi? Nikautupa mche kwenye lambo letu la maji ya kunywa, unioteshee maua ya mwaka ujao.

Mkesha wa sikukuu hiyo, mwaka uliofuata, ulikuta lambo zima limefunikwa na magugu yale. Mama aliingia kutafuta pa kuzamisha ndoo, mizizi ikamnasa miguu, akazama hadi kifuani.

"Usije huku! Kamwite baba yako!" alinipigia kelele nikiwa ukingoni.

Baba alimvuta kwa kamba ya ng'ombe. "Nani katuletea balaa hili?" aliuliza, akihema. Nikainama kukunja kamba.

Mama alifumbua kiganja. Alikuwa ameshikilia maua.

"Chukua, mwanangu. Ya kesho kanisani."

Kesho yake, kati ya makapu yote, lililojaa lilikuwa langu peke yake.