Kwa nini tewa wangu walikuwa wakifa wakishavuka daraja

Salaam wakuu.

Nimekaa humu muda nikisoma visa vyenu tu. Leo nasema changu, na sitatia chumvi. Chumvi yenyewe mtaikuta mbele.

Mwaka 1974, nikiwa na miaka tisa, baba alifariki nikatolewa darasa la tatu. Nikapewa kisu nipare samaki Likoni. Cheti sina, na sijawahi kumwomba mtu chakula.

Sasa nakaa Mishomoroni, boti nazitia nanga kwenye ule mkono wa bahari nyuma ya nyumba.

Kuna mnunuzi wa mahoteli, Bi Zuhura. Akaniambia wageni wake wanataka kumchagua samaki akiogelea. Nikamwita fundi, akanitengenezea tenki tumboni mwa boti. Ni sanduku la faiba tu, chini lina matundu yanayotokea baharini. Boti ikienda, maji yanaingia na kutoka yenyewe.

Pwani nzima ikacheka. "Tazameni, mzee yuwafuga samaki! Utawapa na majina?"

Wacha wacheke. Nikaenda nje ya miamba, tewa wakapanda wanapiga mikia. (Tewa wa kina kirefu mvute polepole, ukimharakisha anavimba tumbo.) Lakini tukipita chini ya daraja la Nyali, wanalala ubavu. Tukifika nyumbani, maiti.

Nikasema ni jua. Nikafunika tenki kwa magunia yaliyolowa. Bado wakafa.

Nikaongeza matundu, kwani kwangu mimi maji mapya ndiyo uhai.

Wakafa upesi zaidi.

Bi Zuhura hakupiga kelele. "Bwana Athumani, maiti nanunua popote. Mimi nataka kiumbe anayepumua. Akija mfu tena, usinipigie simu."

Wakuu, mimi nilishatangaza kwamba nitaweza. Mtu wa darasa la tatu akishindwa hadharani hana hata karatasi ya kujifunikia uso.

Safari iliyofuata, mvua ndefu zilikuwa bado zinaendelea. Maji ya mkono yamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Tenkini nina tewa kadhaa, mmoja mkubwa, kifua kama cha mbuzi. Tumeshapita daraja, wimbi likanipiga usoni, nikalamba midomo.

Maji hayana chumvi.

Nikachota kwa kiganja, nikanywa. Baharia wangu, Nyawa, Mduruma wa Mikindani, akashtuka. "Mzee, sasa wanywa bahari?"

"Hii si bahari. Hii ni mvua!"

Mvua yote ya bara inashuka humo, na maji yake ni mepesi, yanaelea juu ya yale ya chumvi. Boti yangu inakunywa ya juu, na tewa ni samaki wa maji ya chumvi. Kumbe yale matundu niliyoongeza yalikuwa milango ya kifo.

Nikavua kikoi, nikakichana, tukaziba matundu. Nimebaki na kaptura. "Geuza!" Tukarudi mpaka maji yakawa ya buluu na chumvi inauma ulimi. Tukazibua, tenki likajisafisha, likajaa bahari ya kweli. Tukaziba tena.

Lakini yule mkubwa alishapinduka. Tumbo juu, amepauka kama jivu.

Nikaingia tenkini. Nikamshika taya, nikamweka wima, nikawa namsukuma taratibu mbele ili maji yapite kwenye mashavu. Nyawa anachota kwa ndoo anamimina kutoka juu, maji yashike hewa.

Hakuna kitu. Nikaendelea.

Halafu shavu likafunguka. Likafunga. Likafunguka tena.

Wakuu, madoa yakaanza kumrudia, kutoka kichwani kwenda mkiani, kama nyumba inayowashwa taa chumba baada ya chumba. Subhanallah. Jicho lake likageuka, likanitazama.

Nimepara samaki tangu utotoni. Sikuwahi kutazamwa na hata mmoja.

Nyawa akasema kwa sauti ndogo, "Mzee, amekujua."

"Nyamaza, chota maji."

Tukavuka daraja matundu yamezibwa, ndoo haikupumzika. Nikampigia simu Bi Zuhura, akaja pwani, akatia mkono tenkini. Tewa akapiga mkia, akamlowesha baibui lote.

"Huyu ana hasira!"

"Ulitaka anayepumua, Bi Zuhura. Wanaopumua hukasirika."

Akacheka. Akawachukua wote.

Funzo langu: maji mapya si lazima yawe maji mema. Yaonje kwanza. Na kiumbe usimwite maiti kabla hujamshika mkononi.

Wenye tenki za namna hii, hasa mnaobeba kamba hai wa baharini, nielezeni mnafanyaje joto likizidi. Wa kucheka nao wacheke, nimezoea.

Leo nina boti mbili za faiba. Nyumba ya mawe. Kisima. Mbuzi. Oda ya Bi Zuhura kila wiki. Na vizibo vya mkoko nilivyochonga kwa mkono wangu, vinaning'inia karibu na usukani.

Cheti changu ndicho hicho.